Nusu Yangu ya Dirisha

Nilipopata chumba Uzunguni, wenzangu ofisini walinipongeza kana kwamba nimepata mume. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye ndoa ndefu, alisema chumba ni bora zaidi, kwa kuwa hakirudi nyumbani kimelewa. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wilaya pale Same, binti asiyeolewa na ambaye watu walikuwa wameanza kuacha kumuuliza ataolewa lini. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimepanga nyuma ya duka karibu na stesheni, ambako treni ikipita vikombe vilisogea vyenyewe mezani.

Uzunguni ndio ulikuwa mtaa pekee wenye kivuli cha kutosha. Same ni vumbi, miiba na upepo. Milima iko pale pale karibu, ya kijani, na mawingu yake, lakini mvua huishia huko huko juu kwa wenyewe. Wajerumani walipanda mijohoro na mikrismasi safu mbili, wakajenga nyumba zao chini yake, kisha wakapigana vita wakashindwa, na kivuli wakakiacha. Baada ya uhuru ilionekana si vizuri raia huru kukaa mtaa unaoitwa Uzunguni, ikaundwa kamati ya kutafuta jina jipya. Kamati hiyo ilikutana chini ya miti ile ile, kwa sababu huko kwingine kulikuwa na jua, ikapendekeza majina mengi ya heshima na haikukubaliana hata moja. Mpaka nahama pale, mtaa uliitwa Uzunguni.

Nyumba yenyewe ilijengwa kabla ya vita vya kwanza kwa ajili ya bwana mmoja wa mashamba ya mkonge. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba ukigongelea msumari, msumari ndio unaopinda. Dari ilikuwa juu sana, na popo waliokaa huko tuliwasikia tu. Yule bwana, labda kwa kukumbuka kwao, alikuwa amejenga meko ya kuotea moto ukutani, yenye bomba la moshi mpaka juu ya paa. Meko ya kuota moto, Same, mahali ambapo mshumaa ukiuacha dirishani jioni unaukuta umelala. Mimi niliweka sufuria zangu humo, na wageni wote walisifu kabati.

Mashamba yalipotaifishwa, wenyewe wa mwisho wakaondoka, na nyumba ikakabidhiwa kwa ushirika wa nyumba wa wafanyakazi. Ushirika maana yake tulikuwa tunaimiliki wote sawasawa. Sebule kubwa yenye baraza ilimwangukia bwana mifugo, mtu wa Musoma, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti. Alituambia yeye mwenyewe alishangaa. Katibu alipata chumba chenye bafu. Sisi wengine tuligawiwa stoo, jiko na ukumbi wa kulia chakula, na ukumbi huo ulikatwa katikati kwa ukuta wa tofali ili utoe vyumba viwili.

Kabla ya kupewa nusu yangu ya ukumbi nilihojiwa. Kamati ilikaa upande mmoja wa meza, mimi peke yangu upande wa pili. Waliniuliza kama naamini ujamaa. Nikasema naamini. Wakaniuliza tangu lini. Nikasema tangu Azimio, jibu likawaridhisha wote isipokuwa bwana afya, ambaye alitaka ieleweke kwamba yeye alianza kabla. Wakaniuliza kama nitaleta wanaume. Nikasema hapana. Kisha wakaniuliza kama nitaleta ndugu, na hapo nikaona wote wameinamia meza, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likiwanyima usingizi. Kanuni ilikuwa chumba kimoja mtu mmoja, mgeni wiki mbili, basi. Kutwa tuliitana ndugu, ndugu mwenyekiti, ndugu katibu, ndugu mpiga chapa. Ila ndugu wa tumbo moja, huyo wiki mbili.

Sasa nieleze habari ya dirisha, maana bila hilo sina la kusimulia.

Ule ukumbi ulikuwa na dirisha moja tu kubwa, refu kuliko mtu, la vipande viwili vya mbao na vioo. Fundi wa ushirika alipewa agizo la kugawa ukumbi sawasawa, naye akagawa sawasawa. Ukuta wake ukaja ukasimama katikati kabisa ya dirisha. Nikapata kipande kimoja, jirani yangu akapata kingine. Haki ilitendeka. Tatizo ni kwamba Mjerumani alitengeneza dirisha lile kipande kimoja kikilalia kingine, na komeo moja tu, na komeo hilo lilikuwa upande wa jirani. Yeye akifungua chake, ndipo mimi ninaweza kufungua changu. Asipofungua, naweza kusukuma mpaka nivunjike bega.

Na jirani hakufungua. Alikuwa mzee wa Shighatini, huko Ugweno, Upare ya kaskazini, mkalimani wa mahakama tangu enzi za Mwingereza mpaka alipostaafu. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wamesambaa Moshi na Tanga. Alivaa koti hata mchana wa Januari. Aliamini kwamba upepo wa Same ndio uliowaua wazungu wote waliozikwa kwenye yale makaburi madogo nyuma ya stesheni, na hakuwa na nia ya kulala na upepo huo. Nilimsalimia shikamoo kila asubuhi, akaitikia marahaba kwa upole mkubwa, na dirisha likabaki limefungwa. Nilimchukia kwa adabu. Nililala mlango wazi, kanga imetundikwa, nikavumilia, kwa sababu nilijua chumba kama kile sitakipata tena.

Ndipo wakamleta mama.

Mama alikuwa wa Chome, juu kabisa, karibu na msitu wa Shengena, ambako ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Alikuwa na pumu. Msimu ule wa mvua ilimbana vibaya, barabara ikawa imekatika, na wanaume wakambeba kwa machela mteremko mzima mpaka mahali ambapo lori lilikuwa limeweza kufika. Waliokuwa wamembeba waliniambia kuna mahali waliiweka machela chini wakavua kofia, wakidhani basi. Mama aliwauliza wanapumzika nini.

Daktari wa hospitali ya wilaya alinieleza bila kuzunguka. Huyu mama akae karibu na hospitali. Akirudi juu kwenye baridi na moshi wa jikoni, akabanwa tena na barabara haipitiki, hamtamfikisha. Nikamwambia mama. Akasema sawa, atakaa mpaka Jumapili.

Nilimwelewa. Kwetu mama hakai kwa binti. Mama hukaa kwake, na akizeeka hukaa kwa mwanawe wa kiume, na kaka yangu alikuwepo, Chome huko huko, mita chache kutoka shamba la mama. Kukaa kwa binti asiyeolewa, katika chumba kimoja, kula mshahara wake, kwa mama yangu ilikuwa aibu kuliko kufa. Hakufungua hata fundo la nguo zake. Alililaza pembeni ya mlango, tayari.

Usiku wa kwanza alikosa hewa. Asubuhi aliliangalia dirisha, akanisikiliza nikimweleza habari ya komeo, akajifunga kanga akaenda kubisha kwa jirani. Alimsalimia vizuri, akamweleza kifua chake, akamwomba afungue. Mzee naye akamweleza upepo, akamwonyesha na koti. Mama akamwambia hiyo si sababu ya mtu mzima. Mzee akasema yeye dirisha lake hafungui kwa amri ya mtu, tena mtu wa Chome. Mama akamwuliza kama hilo ndilo neno lake la mwisho.

"Kama unaona nimekuonea," mzee akasema, "nenda ukashitaki."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Nikaona mgongo wake ukinyooka. Aligeuka, akanipita, akaingia ndani, akaketi kitandani na kuanza kufungua fundo la nguo zake ili atoe gauni la kanisani.

"Mahakama iko upande gani?" akaniuliza.

Msomaji asiye Mpare hapa anahitaji msaada kidogo. Watu wa mikoa mingine hutucheka kwamba Mpare huuza ng'ombe ili adai kuku mahakamani. Ni uongo; kwanza huenda kwa shemeji kuazima. Kwetu kesi si ugomvi. Ugomvi ni jambo la walevi. Kesi ni kazi ya mtu mwenye akili timamu, ina hatua zake, ina mavazi yake, na watu huamka mapema kuja kuisikiliza kama wanavyokwenda harusini. Nimemwona mjomba wangu akibishana kuhusu mpaka wa shamba na mtu ambaye jioni yake walikuwa wanakunywa pamoja, na siku yule mtu alipokufa, mjomba alilia kuliko wote, kisha akaiendeleza kesi na mtoto wa marehemu.

Tulianza kwenye kikao cha ushirika, maana ngazi hazirukwi. Mwenyekiti alisikiliza pande zote, akasema jambo hili ni zito kwa sababu dirisha ni mali ya umma. Ikaundwa kamati ndogo ya dirisha. Kamati ndogo ikaja, ikalitazama kwa ndani, ikatoka ikalitazama kwa nje, ikanywa chai kwangu na kwa mzee ili kutopendelea. Bwana afya akashauri lifunguliwe kwa zamu. Katibu akauliza zamu gani, ikiwa likifunguliwa limefunguliwa kwa wote. Mwishowe mwenyekiti akatoa mawazo yake, akisimama kabisa. Alisema chimbuko la ugomvi wote duniani ni mmoja kuwa na kitu na mwingine kukikosa, na kwa hiyo, ikiwa dirisha hili haliwezi kuwafaa wote, basi lizibwe kwa tofali, wawe sawa.

Mama na mzee walisimama pamoja. Sikuwahi kuona watu wawili wakikubaliana haraka hivyo. Mzee alisema yeye amekuja kutetea dirisha lake lifungwe, si lizikwe. Mama alisema dirisha liko mbele ya sheria na asithubutu mtu kuligusa. Walitoka nje ya kikao pamoja, wakimsema mwenyekiti mpaka mlangoni kwetu, kisha kila mmoja akakumbuka akaingia kwake.

Balozi wa nyumba kumi aliwashauri wapatane. Wote wawili walikasirika, wakamwona hajui kazi. Tukafika mahakama ya mwanzo.

Hakimu alikuwa kijana wa Iringa, mgeni, na bado alikuwa na matumaini. Alimtazama mama, akamtazama mzee, akasema kwa upole kwamba ninyi ni watu wazima, majirani, yamalizeni nyumbani. Mama akamjibu kwamba nyumbani ndiko yalikoanza. Wazee wa baraza waliokaa naye, Wapare wote, wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba jibu lina uzito. Hakimu akaona afadhali atoe amri ya muda: dirisha lifunguliwe kuanzia alfajiri hadi magharibi mpaka shauri litakapoamuliwa. Mzee akainama kwa heshima. Kesho yake alfajiri nikasikia komeo linagongwa, kipande chake kikafunguka, nikafungua changu, na upepo wa kwanza ukaingia chumbani ukiwa na harufu ya maua na vumbi.

Sasa mama alikuwa na hewa yake, na mtu mwingine angeona yamekwisha. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kwa huruma. Alisema hiyo ni amri ya muda, yeye anataka haki.

Wiki mbili zikapita. Mwenyekiti akaja na kanuni. Alisimama kwenye korido, akasema kwa sauti ya kikao kwamba ushirika una utu lakini pia una utaratibu, na mgeni wa ndugu mpiga chapa muda wake umekwisha. Nilianza kumsihi. Nilimweleza maneno ya daktari, nikamweleza machela, nikaona anasikiliza vizuri sana na hatabadilika. Ndipo mzee akatoka kwake, na koti lake.

Alimwambia mwenyekiti kwamba huyu mama si mgeni, ni mlalamikaji. Yuko mbele ya mahakama. Kumwondoa mlalamikaji mahali penye shauri, kabla ya hukumu, ni kuingilia mahakama, na yeye katika miaka yake ya ukalimani alishuhudia watu wakifungwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa la kweli. Mwenyekiti naye hakujua, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya maneno yale. Akasema suala hilo litaangaliwa, akarudi sebuleni kwake.

Nilimshukuru mzee. Akanikatiza.

"Usinishukuru. Nataka nimshinde akiwepo."

Hivyo mama akakaa. Siku za kesi walikwenda pamoja mahakamani, kwa kuwa njia ni moja na mama alihitaji kupumzika kila baada ya kitambo. Mzee ndiye aliyebeba kigoda chake. Watu wa sokoni walisimama kuwatazama, mshitaki mbele anahema, mshitakiwa nyuma na kigoda. Ramadhani ilipofika mama alimpelekea mzee makande ya kufuturu jioni, akisema kesi ni kesi na tumbo ni tumbo, na bakuli lilirudi na tambi. Walikuwa hawazungumzi, isipokuwa kuhusu kesi, na kuhusu kesi walizungumza kutwa, mzee dirishani kwake na mama dirishani kwetu, kila mtu kichwa nje, wakijadiliana ushahidi ulivyokwenda na kumsikitikia hakimu.

Halafu mama akabanwa. Ilikuwa mchana, mimi niko kazini. Mzee alimsikia kupitia dirisha. Alikwenda kumvuta bwana mifugo kutoka kwenye chakula chake, gari la mifugo likamchukua mama, likinuka ng'ombe mpaka hospitali, na nilipofika nilimkuta amelazwa, midomo ina rangi tena. Daktari alinichukua pembeni. Aliniambia kwamba kama shambulio lile lingemkuta Chome, leo tungekuwa tunatafuta mbao.

Niliogopa siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa. Na nikaona wazi jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Mama yangu alikuwa hai kwa sababu ya kesi. Kesi ikiisha, awe ameshinda au ameshindwa, atafunga fundo lake na kupanda lori. Hata kama asingetaka kupanda, mwenyekiti alikuwa anasubiri hukumu kwa hamu kuliko sisi.

Kuanzia hapo nikawa adui wa hukumu. Hakimu alipoitwa semina ya ujamaa vijijini, nikafurahi. Mvua iliponyesha mashahidi wa mama kutoka Chome wakashindwa kushuka, nikafurahi zaidi. Siku shauri lilipoahirishwa kwa sababu mahakama ilikuwa imeazimwa kwa mkutano wa chama, nilikaa pale kwenye benchi nikashukuru maendeleo ya nchi. Kanisani niliomba, na sikuona haya, kwamba Bwana aendelee kuichelewesha haki wilayani Same.

Lakini kila kitu kina mwisho wake, hata shauri la Mpare. Hakimu akaja kukagua eneo. Chumba changu kilijaa: hakimu, karani, wazee wa baraza, balozi, mwenyekiti, kamati ndogo ya dirisha iliyokuwa haijavunjwa, na akina mama wa Chome waliokuwa wameshuka na ndizi. Wazee wa baraza walifungua na kufunga lile dirisha mara nyingi, kila mmoja akitaka kulijaribu mwenyewe. Mmoja wao aliyagundua yale meko ya ukutani, akauliza ni kaburi la nani. Ukaguzi ukachukua asubuhi nzima.

Hukumu ikasomwa Ijumaa. Hakimu alisema dirisha ni mali ya ushirika, kwamba hakuna mwenye haki ya kumnyima mwenzake hewa, na kwamba amri ya muda sasa ni ya kudumu. Mama ameshinda. Wale akina mama wa Chome walipiga vigelegele mpaka karani akawatoa nje. Mzee alisimama, akainama, akamkabidhi mama kigoda chake, akaondoka peke yake. Mimi nilipiga makofi na wengine.

Nilimwacha mama na wageni wake nikarudi kazini. Niliporudi jioni wageni walikuwa wameondoka, na mama alikuwa anakunja nguo. Alikunja polepole sana. Kila nguo aliikunja, akaitazama, akaikunjua, akaikunja tena.

"Lori linaondoka Jumatatu," alisema.

Nikamkumbusha daktari. Akasema daktari hana shamba la maharage. Nikamwambia nataka akae. Akasema kesi imekwisha, atakaa kwa sababu gani, watu wa Chome watasema amemshukia binti yake mwilini kama kupe. Nikasema watu wa Chome waseme watakavyo. Akasema hilo nimelisema kwa kuwa sikai nao. Nikapandisha sauti, naye akapandisha, akaanza kukohoa, na mimi nikamletea maji. Nilitoka nje nikasimama kwenye korido. Kisha nikapiga hodi kwa mzee.

Alikuwa ameketi kwenye kiti, koti mwilini, redio ikisema taarifa ya habari. Chumba chake kilikuwa kisafi sana na hakikuwa na kitu. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitashindwa kusema.

"Baba, nimekuja kukuomba ukate rufaa."

Hakushangaa. Alinyoosha mkono akapunguza redio.

"Wewe ni wa pili," akasema. "Mama yako alikuja mchana."

Nilimwuliza mama alikuja kutaka nini. Akaniambia alikuja kutaka hicho hicho. Alipoagana na wageni wake tu, aliingia, akasimama hapo hapo niliposimama mimi, akamwambia kwamba hukumu ile ina kasoro, kwamba mtu aliyekaa na mahakama miaka yote ile hawezi kuikubali, na kwamba yeye, kama kweli ni mzee wa Ugweno mwenye roho, angekwenda mahakama ya wilaya. Mzee akamwambia amechoka, na kusema kweli amezoea upepo. Ndipo mama akakaa chini, akamwambia ukweli. Hakutaka kurudi. Kule juu, usiku, alikuwa anaogopa. Lakini asingeweza kumwomba binti yake, maana binti angeona amepata mzigo, na asingekuwa na moyo wa kusema hapana.

"Akaniapisha nisikuambie," mzee akasema. "Sasa na wewe umekuja. Mimi ni mkalimani, siwezi kukaa katikati ya watu wawili wanaosema neno moja nikanyamaza."

Nilikaa sasa. Nililia pale kwenye kiti cha adui yetu, na yeye akatazama pembeni, kwa adabu, akaniacha mpaka nikamaliza. Nikamwuliza kama atakata. Akasema Jumatatu asubuhi, ofisi ikifunguliwa. Akasema pia kwamba maisha yake yote alikuwa akisema kesi za watu wengine, hii ndiyo yake ya kwanza, na alikuwa hajui mtu hukaa vipi jioni ikiisha.

Jumatatu mama alikuwa amekwisha jifunga kanga ya safari, fundo liko kichwani kabisa, karani wa mahakama alipokuja kumpa habari. Nilimsikia kwenye korido akiuliza tena na tena, rufaa, rufaa ya nini. Aliingia ndani akabwaga fundo kitandani. Alimsema mzee wa watu mpaka nikaona aibu. Alisema Wagweno hawana shukrani, kwamba aliona tangu mwanzo, kwamba mtu amebebewa makande na bado anakwenda wilayani. Mzee alikuwa dirishani kwake, anasikia yote, na akamjibu kwamba watakutana huko huko.

Nikamwambia mama pole. Nikasema ile rufaa ni uonevu mtupu. Nikamwuliza, kama mtu asiyejua, rufaa za wilaya huchukua muda gani. Alikuwa amenipa mgongo, anatundika gauni la kanisani kwenye msumari ulioachwa na Mjerumani.

"Hata miaka," akasema. "Mwambie kaka yako alime maharage yangu yeye. Mimi nina kesi."

Nikasema nitamwambia.